Aliyefunga Breki Hupanda

Shemeji yangu alimvunja mdogo wangu taya siku ya Jumanne, na Jumatatu iliyofuata akaniletea gari nimtengenezee breki.

Aliingia gerejini akipiga honi kama anayeleta bibi harusi, akazima injini, akateremka na kuninyooshea mkono. "Shemeji yangu wa nguvu," akasema, "hii pikapu inataka kuniua. Nikikanyaga breki, pedali inazama mpaka chini."

Niliutazama ule mkono. Vifundo vya vidole vilikuwa vimechubuka na vidonda vimeanza kukauka. Nilijua vilichubukia wapi.

"Nina grisi," nikamwambia, na wangu sikuutoa.

Akacheka. Shemeji ni mtani wako, ndivyo tulivyolelewa, na yeye alikuwa amejificha kwenye utani huo miaka sita. "Basi fanya haraka. Saa kumi kuna mtu nampitia, sitaki anisubiri."

"Mtu gani?"

"Mtu," akasema, akanikonyeza.

Nikajua ni mwanamke. Mke wake yuko kitandani kwa mama yetu, meno ya juu na ya chini yamefungwa waya, anakunywa uji kwa mrija, na bwana ana mtu wa kumpitia saa kumi. Damu ilinipanda mpaka masikioni.

Mimi ni fundi breki. Miaka kumi na minane nimefanya kazi katika gereji ya Mjomba, ndugu wa mama yangu, na wateja huniita Mama Breki ingawa sina mtoto. Hasira zangu ziko karibu, hazihitaji kutumwa dukani. Nimewahi kumrushia dereva wa lori rimu kwa sababu alimtukana Mjomba, na namshukuru Mungu kwamba rimu ni zito na halikufika. Mama husema hasira hasara. Namjibu kwamba mimi hasara nimeshaizoea.

Taya la mtu mzima halivunjiki kwa kofi. Lile la mdogo wangu lilivunjika hivi: simu ya mumewe ililia, yeye alikuwa anamwogesha mtoto, akachelewa kuipeleka. Shemeji akamshika nywele, akamgonga uso kwenye fremu ya mlango mara mbili, halafu akamalizia kwa ngumi. Mtoto alikuwa bado kwenye beseni, povu kichwani. Hospitali shemeji alimweleza daktari kwamba mkewe ameteleza bafuni, na mdogo wangu, damu zikimchuruzika kidevuni, akatikisa kichwa kukubali. Ndani ya miaka sita ameteleza bafuni mara nne. Bafu la namna hiyo lilitakiwa lifungwe na serikali.

Msidhani sikuwahi kumgusa mtu huyu. Mwaka juzi, alipomvunja mdogo wangu kidole, nilimfuata barabarani na mkanda wa feni na kumchapa mbele ya watu. Nilimchapa mara kumi na moja. Watu walishangilia, nikarudi kazini najiona shujaa. Jioni ile ile alifika nyumbani, akavua mshipi wake wa suruali, akamchapa mdogo wangu mara kumi na moja, huku anahesabu kwa sauti. Alimaliza akamwambia, "Hizo zimetoka kwa dada yako, mimi nimezifikisha tu."

Tangu siku ile nikajua kwamba mtu huyu hapigwi. Aachwe, au afe.

Kuachwa kulishindikana. Mdogo wangu alikimbia mara tatu, na mara tatu kikao kikakaa sebuleni kwa mama. Mama alisema ndoa ndoana. Mjomba, ambaye ndiye mwenye kauli kwetu tangu baba alipofariki, alisema mume hukanywa, haachwi, akamwambia, "Rudi kwako, mwanangu." Akarudi. Safari hii daktari aliniita pembeni, akaweka vidole viwili juu ya shavu lake mwenyewe, akasema, "Ngumi hii ingepanda kiasi hiki tu, ungekuwa unatafuta sanda." Maneno hayo nililala nayo siku sita.

Niliiingiza pikapu juu ya shimo la kukagulia. Lilikuwa gari kuukuu, la zamani kuliko ndoa yao, na mfumo wake wa breki ulikuwa wa njia moja: masta silinda moja inasukuma mafuta kwenye magurudumu yote manne. Magari ya sasa yana njia mbili, moja ikivuja nyingine inakusaidia. Hili likitoboka popote, huna breki tena.

Tatizo nililiona mapema. Silinda ya gurudumu la nyuma kulia ilikuwa inavuja, mipira yake imekwisha, na pedi zimelowa mafuta. Nikabadilisha mipira, nikafunga pedi mpya magurudumu yote mawili ya nyuma, na kwa kuwa nilikuwa nimeshafika huko, nikaikaza na kebo ya hendibreki, maana ilikuwa inaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Mpaka hapo nilikuwa fundi. Naapa nilikuwa fundi tu.

Ikabaki kutoa upepo kwenye mabomba. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja, kwa hiyo nikamwita Chaji, fundi umeme wetu, akakae kwenye usukani anikanyagie pedali.

"Kanyaga. Shikilia," nikamwambia kutoka chini. Nikafungua nipo, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo, upepo ukatoka na mafuta, nikafunga. "Achia."

"Mama Breki," Chaji akasema, "huyu bwana ana moyo. Mimi ningekuwa nimekuvunjia ndugu yako taya, gari langu ningelipeleka nchi ya pili."

"Kanyaga. Shikilia."

"Au anajua utamtengenezea vizuri. Maana wewe kwenye breki huna mchezo."

"Achia," nikasema.

Nilitoa upepo magurudumu yote, pedali ikapanda, ikawa ngumu kama inavyotakiwa. Chaji akaenda kwenye betri zake. Mimi nikabaki chini, peke yangu, na spana namba kumi mkononi. Shemeji alikuwa amekaa kwenye benchi ya wateja, anaongea na simu. Nilimsikia anasema, "Vaa vizuri, basi. Sitaki kukuona na sura ya msiba."

Nikashika nati ya bomba la gurudumu la mbele kushoto, nikailegeza.

Sikuifungua. Aliyefungua nati huacha alama, mafuta yanadondoka hapo hapo na kila mtu anaona. Niliilegeza kiasi cha kwamba ukigusa breki inashika, lakini ukikanyaga kwa nguvu mara tatu, mara nne, mafuta yanapenya na kuruka. Nikafuta bomba kwa kitambaa mpaka likawa kavu. Nilijua anapoishi, nilijua kwamba kufika kwake lazima ashuke ule mteremko mrefu wenye karavati, daraja dogo la maji, mwishoni, na nilijua jinsi anavyoendesha. Kesho yake, nilifikiri, mdogo wangu atakuwa mjane, na wajane hawatelezi bafuni.

Sasa lazima niseme habari ya maandishi. Juu ya lile shimo, ukutani, kuna maneno yameandikwa kwa rangi nyekundu: ALIYEFUNGA BREKI HUPANDA. Ni sheria ya Mjomba. Zamani, kabla sijazaliwa, alisahau kukaza nati moja tu, na mteja wake akafa. Alipofungua gereji yake mwenyewe akaweka sheria kwamba fundi aliyegusa breki anapanda na mwenye gari, mwenye gari anaendesha, wanashuka mteremko mpaka kwenye karavati na kurudi. Usipotaka kupanda, maana yake hujamaliza kazi. Miaka kumi na minane nimeshuka mteremko ule na madereva wa kila aina, wengine wakinuka pombe.

Lakini siku za Jumatatu Mjomba huenda mjini kununua spea na hurudi jua likizama. Chaji asingeuliza. Nilikuwa nimeyapigia hesabu hayo yote.

Saa tisa na nusu nikatoka shimoni, nikafunga boneti. Nikawa nafungua mdomo kumwita shemeji achukue gari lake, nikamwona Mjomba anaingia getini na mfuko mtupu.

"Duka limefungwa, mwenyewe kafiwa," akasema. Akalizunguka gari, akamwona shemeji, wakasalimiana. Mjomba alimpa mkono. Nakumbuka jinsi nilivyomchukia kwa mkono ule. "Limekamilika hili?"

"Limekamilika," nikasema.

"Nani kafunga?"

Chaji akaninyooshea kidole kwa mbali, bila nia mbaya, kama siku zote.

"Sasa unangoja nini? Panda."

Ningeweza kusema bado. Hilo nataka lieleweke. Neno moja tu, "bado nati moja, Mjomba," nirudi shimoni, niikaze, na hakuna ambaye angejua. Lakini nikiikaza, shemeji ataishi, na akiishi nitamzika mdogo wangu. Nilizipima hizo mbili nikiwa nimesimama hapo na kitambaa mkononi. Nikapanda.

"Leo nakupa lifti ya bure," shemeji akasema, akawasha gari.

Hendibreki ilikuwa katikati yetu. Nilipoiona ndipo nikakumbuka. Hendibreki haitumii mafuta. Ni kebo ya chuma inayovuta pedi za nyuma moja kwa moja, nami nilikuwa nimeikaza kwa mkono wangu na pedi ni mpya. Ndani ya gari lile kilikuwa kimebaki kitu kimoja kinachoweza kulisimamisha, na kilikuwa karibu na mkono wangu kuliko wake. Nikaweka kiganja juu ya paja, karibu nacho, nikatulia.

Tulianza kushuka. Kwenye kona ya kwanza akakanyaga, gari likashika. "Safi," akasema. "Unajua, mdogo wako naye angekuwa anashika hivi, tusingekuwa na shida. Mimi naongea mara moja tu. Yeye lazima arudiwe."

Nikautazama mguu wake kwenye pedali.

"Umeninunia. Shemeji, mambo ya chumbani usiyatie kifuani. Taya linaunga."

Akakanyaga mara ya pili, kwa nguvu. Gari likashika, lakini nikasikia pedali imeshuka kuliko mwanzo. Yeye hakusikia, alikuwa anaongea. Akaongeza mwendo kwenye sehemu iliyonyooka, anataka kuniogopesha, maana alipenda sana kuona mwanamke akishika dashibodi. Akakanyaga mara ya tatu.

Pedali ikaenda mpaka chini.

Akapampu. Mara mbili, tatu, tano. Mguu wake ulikuwa unapiga bati. Uso ukabadilika rangi, akanigeukia, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita akaniita bila utani. "Shemeji. Breki."

"Unaogopa," nikasema. "Kumbe unajua kuogopa."

Alielewa. Sijui alikiona nini usoni mwangu, lakini alielewa hapo hapo. Akaacha usukani kwa mkono mmoja akanipiga ngumi ya mdomo, na jino likatoka, nikalisikia ulimini kama punje ya mchanga. Akanipiga tena, sikioni. Akanishika shingo akanibana kwenye kiti, mkono wa pili ukihangaika na usukani, na gari linakimbia, gia ya nne, injini inalia. Akajaribu kurudisha gia ya pili, ikagoma, ikasaga meno. Nilikuwa sipumui na nilikuwa namcheka. Naona aibu kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilimng'ata kifundo cha kidole pale pale penye kidonda mpaka nikafika mfupa, akapiga kelele kama zile za mdogo wangu, na nikafurahi.

Ndipo nikamwona muuza maji.

Alikuwa anapandisha mkokoteni wake kutoka kwenye karavati, madumu kumi na mawili, kichwa ameinamisha, anasukuma kwa kifua. Katikati ya barabara, maana pembeni kuna mashimo. Katika hesabu zangu zote, nati, mteremko, Mjomba kwenda mjini, sikuwahi kuhesabu kwamba barabara ina watu. Nilikuwa nimemwona mtu mmoja tu duniani.

Nikavuta hendibreki kwa mikono miwili.

Shemeji, sijui alifikiri namalizia kumuua, alinipiga kiwiko cha jicho na kuushika mkono wangu ili niachie. Tuligombania ule mpini. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yameshafunga, gari likageuka ubavu, mkia ukazunguka na kuuzoa mkokoteni, nikasikia madumu yakipasuka na sauti ya mtu. Kisha pua ya gari ikaingia kwenye ukuta wa karavati. Kioo cha mbele nilikipiga kwa paji la uso. Injini ilirudi nyuma, na dashibodi ikaja upande wa dereva, ikamkalia shemeji mapajani.

Baada ya hapo palikuwa kimya, maji tu yakimwagika.

Nilitoka kwa kupitia dirishani. Muuza maji alikuwa amekaa chini kwenye tope, mkono wake umepinda mahali ambapo hapana kiungo, anauliza kwa upole kabisa, "Mkokoteni wangu uko wapi?" Nilimpita.

Watu walifika wakiwa wanakimbia, Mjomba na Chaji miongoni mwao. Iliwachukua muda mrefu kumtoa shemeji, walitumia mtaimbo na jeki, na miguu yake ilipotoka, wanaume wawili waligeuza nyuso. Lakini mdomo wake ulikuwa mzima. "Amefungua yeye," alikuwa anapiga kelele. "Huyo. Amelegeza breki. Mkamateni."

Askari wa barabarani alifika na daftari lake. Akanitazama, damu kutoka nywele hadi kidevu, jicho limeziba. Akamuuliza shemeji, "Yeye alikuwa wapi?"

"Pembeni yangu, ndani ya gari."

"Amelegeza breki, halafu akapanda?"

Watu wakacheka. Cheko dogo, la kumhurumia mtu aliyegongwa kichwa. Chaji akasema, "Afande, gereji yetu aliyefunga breki hupanda. Miaka yote. Nani anaweza kujifanyia hivyo?"

"Gari bovu tu hili," askari akasema, akaandika.

Shemeji alinitazama akiwa amelazwa juu ya mlango uliong'olewa kwa mtu kuwa machela, wanamnyanyua. Jasho lilikuwa linamtoka. "Shemeji," akasema, "sema ukweli. Waambie."

Nikatema damu, nikamwangalia machoni. "Limeteleza," nikasema.

Alielewa hilo neno. Aliendelea kupiga kelele mpaka walipompakia, na hakuna aliyemwamini, na nilitaka mdogo wangu awepo asikie jinsi inavyokuwa mtu akisema kweli na watu wakamhurumia.

Nilimwona Mjomba anaingia chini ya mabaki ya pikapu kwa mgongo, mzee wa miaka sabini, kwenye matope yale. Alikaa huko kama dakika moja. Alipotoka vidole vyake vilikuwa vinang'aa mafuta, na spana namba kumi ilikuwa mfukoni mwake. Akanivuta pembeni.

"Mbele kushoto," akasema.

"Ndiyo."

"Nimeikaza." Akajifuta mikono kwenye suruali, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Mimi ndiye niliyemwambia arudi kwake. Kwa hiyo nimeikaza. Lakini kuanzia kesho usiguse breki. Kazi yako matairi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nife. Mimi nilisahau, na nimelia miaka hamsini. Wewe hukusahau."

Nilikataa kwenda hospitali. Nilijifunga kitambaa kichwani, nikapanda mteremko kwa miguu kwenda kwa mama, na nitasema kweli: nilikuwa na furaha. Kila kitu kilikuwa kinauma na nilikuwa na furaha. Muuza maji nilimsukumia nyuma ya kichwa. Hajafa shemeji, sawa, lakini miguu ile haitampeleka kwa mtu. Nilikuwa napanga jinsi nitakavyomwambia mdogo wangu, nianze na lipi.

Nyumba ya mama ipo barabara moja na gereji, juu kule, kabla hujaanza kushuka. Nilipofika karibu nikamwona mdogo wangu amekaa kwenye kigoda nje ya mlango. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea. Begi lilikuwa miguuni. Mwanawe wa miaka minne alisimama pembeni yake, amesukwa nywele, viatu na soksi nyeupe, anachora chini kwa kijiti.

"Mama mkubwa," mtoto akasema, "umeanguka?"

Mdogo wangu alisimama aliponiona. Alikuwa akisema kwa meno yaliyofumbwa, kwa sababu ya zile waya. "Umefanya nini? Na baba yake huyu yuko wapi? Alisema akitoka gereji anatupitia saa kumi."

Nilisimama pale pale.

Vaa vizuri. Sitaki kukuona na sura ya msiba. Kuna mtu nampitia. Sikuuliza tena. Nilijipa jibu la kunichochea, nikashika spana. Na kutoka gereji mpaka kwa mama ni tambarare tupu, breki za kugusa tu, nati ingevumilia. Angefika salama. Angepakia begi, angempakia mdogo wangu mbele, mtoto mapajani mwake na soksi zake nyeupe, wote watatu kiti kimoja. Halafu wangeanza kushuka. Kama duka la spea lingekuwa wazi siku ile, ningekuwa nimewaua.

Niliketi chini. Nikamwambia yote, hapo nje, mbele ya mama aliyekuwa ametoka na kikombe cha uji. Sikuficha nati, sikuficha kwamba nilicheka.

Mdogo wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniinamia akanipiga kofi. Akanipiga la pili upande wa jicho bovu, na la tatu, na la nne, kwa mkono wazi, kwa nguvu zake zote, yeye ambaye sijawahi kumwona akiua hata mende. Mama alikuwa anasema basi, basi. Sikuinua mkono kujikinga.

"Yeye hupiga anayemwona," akasema kwa meno yake yaliyofungwa. "Wewe hukutazama hata nani yumo."

Akasimama, anahema puani. Mtoto alikuwa amejificha nyuma ya gauni lake. Akauliza, "Atatembea?"

"Sijui. Miguu yote miwili."

Akachukua begi, akamshika mtoto mkono. Mama akamuuliza kama anakwenda hospitali kwa mumewe, akatikisa kichwa kukataa. Akamuuliza basi anabaki hapa, akatikisa kichwa tena. Akafuata barabara ya juu, ile isiyoteremka, na hakugeuka. Mtoto ndiye aliyegeuka, mara moja, akanipungia mkono.

Ni mwaka sasa. Shemeji anatembea kwa magongo, na kila anapokaa anasimulia kwamba nilimlegezea breki, na watu wanamwambia pole. Mimi nafungua na kufunga matairi. Gari la mtu likifunga breki karibu nageuza sikio, siwezi kuacha, lakini mkono siutii. Mdogo wangu alimpigia mama kila mwezi kumwambia wako salama, na mama hakuambiwa wako wapi.

Mwezi uliopita simu yangu ililia, ilikuwa ni yeye. Sauti ilikuwa imefunguka, taya limeunga. Hakunisalimia.

"Mama ameniambia habari za muuza maji," akasema. "Mkono wake umepona?"

"Umeunga vibaya. Hawezi kusukuma kwenye mlima."

"Sasa nani anasukuma?"

"Mimi," nikamwambia. "Nimemfungia beringi za gari kwenye magurudumu, mkokoteni umekuwa mwepesi kidogo. Kila asubuhi, kabla ya kazi, nampandishia madumu kumi na mawili kutoka kwenye karavati mpaka juu."

Nyuma yake nilimsikia mtoto akiimba herufi.

"Endelea kusukuma," akasema, akakata simu.